Feni ya kutoa moshi jikoni, ya ukutani au hudi? Nyumba ya kupanga, jiko limeungana na sebule

MzeeWaKibua

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada wenu kabla sijapigwa hela ya bure huko Kariakoo.

Nimehamia apatimenti Tabata ghorofa ya pili, nyumba nzuri tu, tatizo ni moja, jiko halina mlango, limeungana na sebule yaani aliyekaa kwenye kochi anatazamana na anayekaanga. Sasa sisi ni watu wa samaki, wiki haipiti bila kibua au changu kwenye karai, wife akishatumbukiza samaki tu dakika kumi nyumba nzima shombo, mapazia shombo, shati la kazini limepigwa pasi limetundikwa mlangoni nalo shombo. Mgeni akiingia anajua juzi tulikula nini. Pilipili ikiungua kwenye mafuta ndo usiseme, tunakohoa wote mpaka mtoto wa jirani. Afu siling bodi juu ya jiko imeshaanza kupata rangi ya chai, ukipitisha kidole kinanata.

Jiko lenyewe ni kama mita 3 kwa mita 2 na nusu, kwenda juu mita 2.8 hivi. Natumia jiko la gesi la pleti nne limeegemea ukuta wa nje, na pembeni yake kama mita moja na nusu hivi kuna dirisha la alumini la kuslaidi. Mwenye nyumba nimeshaongea naye, kasema kioo cha dirisha nifanye nitakavyo ila ukuta nisitoboe mpaka aje aone mwenyewe, anaogopa nyufa.

Dukani nimeonyeshwa vitu vitatu. Feni ya ukutani ya plastiki inchi 8, nyingine ya chuma inchi 10, halafu hudi ya sentimita 60 ile inayokaa juu ya jiko, na jamaa wa duka ananiambia hii hata bomba haihitaji, unaifunga tu ukutani ina filta ya mkaa inakula moshi wote inarudisha hewa safi. Bei ya hudi ni mara nne ya feni. Sasa nichukue ipi, ukubwa gani, inakula umeme kiasi gani maana Luku yenyewe ndo hii tunaijua, na kuitunza kukoje maana nimeona za kwenye mahoteli zimeganda mafuta mpaka zinatisha.

JirusheTu

Fungua dirisha mkuu. Bibi zetu walipikia kuni na hakuna aliyefungiwa feni.

DadaWaUpanga

@JirusheTu bibi zako walipikia jiko la nje, paa makuti, moshi unajitokea wenyewe kila upande. Kaka wa watu anapikia ghorofa ya pili mbele ya kochi. Tuacheni tujifunze, na mimi swali hili lilikuwa langu.

FundiVoti_Ilala

Mkuu Kibua, kazi hizi ndo ninazofanya kila siku kwahiyo vumilia nitaandika kirefu kidogo.

Tuanze na huyo wa duka. Hudi isiyo na bomba ipo kweli sio uongo, lakini alichokwambia ni nusu ya habari. Inavuta moshi, unapita kwenye filta ya chuma inayonasa mafuta, afu unapita kwenye mkaa unaopunguza harufu, halafu hewa hiyohiyo inarudishwa humohumo jikoni. Joto linarudi, mvuke wa wali unarudi, na mkaa ukishachoka shombo nayo inarudi. Mkaa wenyewe aina nyingi huuoshi, ni wa kutupa na kuweka mwingine, miezi mitatu mpaka sita kutegemea unakaanga kiasi gani, na kwa nyumba ya samaki kama yako usitegemee ifike sita. Nenda kamuulize swali moja tu, hizo filta za kubadilisha unazo hapa dukani? Akianza kujikuna ondoka.

Kitu cha pili ambacho wateja wangu wengi hawakifikirii kabisa, wanauliza mashine tu. Swali la kwanza sio feni gani, swali ni hewa itatokea wapi na itaingilia wapi. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna nyingine inayoingia kuchukua nafasi yake. Ukifunga nyumba nzima madirisha ukawasha feni itanguruma vizuri tu na moshi utabaki pale unazunguka juu ya karai. Na kosa la upande wa pili ni hili, mtu anafunga feni juu ya dirisha halafu dirisha lilelile analiacha wazi, au kuna yale matofali ya matundu karibu na feni, basi feni inavuta hewa ya nje kupitia hapo pembeni na kuitoa tena nje, moshi wa jikoni wala haujaguswa. Nimeitwa sehemu nyingi "fundi feni haina nguvu", nafika naziba matundu mawili pembeni ya feni na kufungua dirisha la sebuleni, kazi imeisha.

Kwako wewe jiko kuungana na sebule ambako unakulalamikia ndo kutakusaidia. Feni ikae upande wa jikoni ikitoa nje, funga dirisha la jikoni, fungua dirisha la sebuleni la upande wa pili hata robo. Hewa itatembea kutoka sebuleni kuja jikoni kwenda nje muda wote unaopika, kochi na mapazia yanabaki upande wa hewa safi. Ukikosea ukafungua la jikoni ukafunga la sebuleni, upepo ukiingia unasukuma kila kitu sebuleni.

Ukubwa sasa. Chukua urefu mara upana mara kimo cha jiko, kwako ni 3 × 2.5 × 2.8 inakuja mita za ujazo 21. Jiko la nyumbani hewa yake inatakiwa ibadilishwe kama mara 10 mpaka 15 kwa saa, kwahiyo unahitaji 210 mpaka 315 kwa saa. Ila hiyo ni hesabu ya jiko lenye mlango, lako liko wazi kwahiyo panda juu, tafuta kuanzia 400 na kitu. Kwenye boksi utaona imeandikwa m³/h, zingine wanaandika CFM (futi za ujazo kwa dakika), hiyo zidisha kwa 1.7 upate ile ya kwanza, yaani CFM 200 ni kama 340. Na ujue namba ya kwenye boksi imepimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele yake. Ukishaiwekea bomba, kona, wavu na mafuta ya miezi sita namba hiyo isahau.

Tofauti ya feni na hudi iko ndani kwenye mapanga. Feni ya ukutani panga lake ni kama la pangaboi, inasukuma hewa nyingi lakini haina ubavu, ikikutana na kizuizi inasalimu amri, ndo maana inafungwa kwenye ukuta au kioo inatupa nje moja kwa moja. Hudi ndani ina kile kipipa cha vipanga vidogo vidogo, ile ina ubavu wa kusukuma hewa kwenye bomba. Kwahiyo usije ukanunua feni ya inchi 8 ukaiunganishia bomba la mita tatu lenye kona mbili ukategemea maajabu.

Na kwa hudi, bomba ndo mpango mzima. Ikitoka na mdomo wa inchi 6 nenda na inchi 6 mpaka nje. Mafundi wanapenda kupunguza kuwa inchi 4 kwa sababu bomba la inchi 4 la PVC lipo kila duka na tundu lake dogo ukutani, lakini piga hesabu, uwazi wa inchi 4 haufiki hata nusu ya uwazi wa inchi 6. Hudi itapiga kelele na haitavuta. Kona ziwe chache, na lile bomba la foili la kukunjakunja kama huna budi kulitumia livutwe linyooke lote, usiache limejikunja kwenye siling maana kila mkunjo ni bwawa la mafuta.

Ushauri wangu kwako kwa sasa, chukua feni ya inchi 10 weka kwenye dirisha, juu kabisa. Usikate kioo chenyewe, mwite fundi alumini atoe kioo cha upande mmoja akihifadhi vizuri (siku unahama unakirudisha, mwenye nyumba hana neno), aweke kipande cha alukobondi (zile shiti za alumini zenye plastiki katikati) chenye tundu la feni sehemu ya juu, chini yake kioo kifupi. Upande huo uwe umefungwa hautembei. Mwenye nyumba akija akikuruhusu ukuta, hapo ndo uwaze hudi yenye bomba maana hudi inanasa moshi palepale juu ya karai kabla haujasambaa, feni ya dirishani lazima ungoje moshi usafiri mita moja na nusu. Hudi isiwe nyembamba kuliko jiko lako, na kimo chake kutoka kwenye jiko la gesi ni kama sentimita 75, usishuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Na samaki wakaangie kichomeo cha nyuma sio cha mbele, hudi nyingi zinanasa vizuri moshi wa nyuma.

Umeme usikutishe. Feni ya watt 40 ukiiwasha saa 3 kwa siku ni uniti 0.12, kwa mwezi haifiki uniti 4, yaani haifiki hata elfu mbili. Hudi ya watt 200 kwa masaa hayohayo ni kama uniti 18 kwa mwezi, hapo kama uko kwenye ile tarifa nafuu ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi angalia isije ikakurusha juu.

MamaMahamri_Msa

Fundi ameeleza vizuri sana, mimi naongezea hapo kwa usafi maana naona wanaume mmepiga hesabu mpaka mwisho na hakuna aliyesema nani ataosha 😂

Mimi niko Mombasa, nauza mahamri na viazi karai kutoka nyumbani, kwahiyo mafuta kwangu yanachemka kila asubuhi kabla ya adhana na jioni tena. Nina hudi ya bomba. Filta za hudi ziko aina mbili, ile ya wavu wa alumini na ile ya chuma cha pua iliyo na mifereji. Ukiweza chukua ya mifereji, mafuta yanateremka yanaingia kwenye kikopo unamwaga, na kuosha ni dakika mbili. Ile ya wavu inanasa lakini mafuta yanaingia katikati ya nyavu yanaganda, usipoiwahi inakuwa ubao.

Kwa anayepika chakula cha nyumbani tu, osha mara moja kwa mwezi. Anayekaanga kama mimi ni kila wiki, ukingoja mwezi utapigana nayo. Beseni, maji ya moto yale ya kuchemka kabisa, sabuni ya vyombo ya maji usiifanyie uchoyo, lowesha nusu saa ukafanye mambo mengine, urudi na mswaki wa zamani upitishe pole pole usikunje nyavu. Suuza, isimamishe juani ikauke kabisa ndio urudishe. Tafadhali msitumie kostiki soda wala magadi kwenye alumini, najua ndio vinavyoondoa mafuta ya sufuria haraka, lakini alumini inageuka nyeusi na inalika, filta mpya ikawa kama imetoka kwenye jalala. Na steel wool pia hapana.

Kitu kingine cha sisi watu wa pwani, chumvi. Ile ya chuma ya inchi 10 mkuu uliyoonyeshwa kama ni chuma cha kupakwa rangi tu itashika kutu mapema, hasa zile skrubu na kile kipande cha nyuma kinachoangalia nje. Plastiki nzuri haina shida hiyo ila isikae juu ya moto moja kwa moja, itapinda. Wewe kwa vile itakuwa dirishani mbali na jiko, chukua plastiki.

MzeeWaKibua

Aisee wakuu asanteni sana, dada wa Mombasa pia shukrani, wife kasoma kasema wewe ndo umeongea la maana kuliko wote.

Nimerudi na maswali. Moja, maharage na makande sisi tunachemshia jiko la mkaa maana gesi ingeisha, sasa hivi linawekwa kibarazani na mvua zikinyesha ni shida. Nikishafunga feni naweza kuliingiza ndani? Mbili, jirani wa chini ana feni kama hiyo inanguruma tu haizunguki, anaisukuma na kijiti ndo inaanza, hiyo ni nini nisije nikanunua ya namna hiyo. Tatu, dirisha langu linatazama mashariki kabisa, upepo wa jioni unaingia mpaka unafunga milango, feni haitashindwa?

FundiVoti_Ilala

La mkaa nalijibu kwanza na nalijibu kwa herufi kubwa, USIINGIZE. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, watu wanadhani umekuwa salama, kumbe ndo unatoa ile kaboni monoksaidi ambayo haina rangi haina harufu, haikoholeshi, unasikia kichwa kizito na usingizi basi. Maharage yanachemka saa mbili tatu, na umeme ukikatika katikati feni imesimama na jiko linaendelea kuwaka. Feni ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mvua zikinyesha tafuta turubai uezeke kibaraza, au loweka maharage usiku kucha na upikie presha kuka kwenye gesi, yanaiva kabla gesi haijajua. Na ile hudi ya kurudisha hewa ndani ndo kabisa, filta ya mkaa haizuii hiyo hewa ya sumu.

Nikiwa hapohapo niseme na la gesi maana hili watu wanalifanya kwa nia njema. Ukiingia ndani ukasikia harufu ya gesi usikimbilie kuwasha feni eti itoe gesi. Swichi ikibonyezwa inaweza kutoa cheche. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, feni iko juu kule haiifikii vizuri hata hivyo. Funga regureta, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime kitu chochote, tokeni nje, simu pigia nje.

Feni ya jirani yako hiyo ni kapasita mara nyingi. Ikichoka mota inakosa msukumo wa kuanzia, inanguruma tu, ukiisukuma inaenda. Mwambie aache mchezo wa kijiti, inavyonguruma bila kuzunguka waya za ndani zinapata moto mpaka zinaungua, hapo ndo utasikia harufu ya vanishi na feni imekufa. Kapasita ni kitu cha bei ndogo, cha muhimu namba ya mikrofaradi iwe ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani na voti zisipungue. Ila kabla hajanunua azime umeme aizungushe panga kwa mkono, kama ni nzito basi sio kapasita, ni mafuta yameganda kwenye bushi (kile kikombe kinachoshika ekseli ya panga). Isafishwe, ipewe tone mbili za oili ya cherehani. Mafuta ya kula jamani msiweke, yanaganda yanakuwa gundi. Wakati unanunua yako zungusha panga kwa kidole hapo dukani, liende laini lisimame taratibu lisikwaruze, na uulize kama ni ya beringi au ya bushi, ya beringi inadumu zaidi.

La upepo namwachia mwingine, nipo site.

Mkunazini_Boy

Sheikh Kibua la upepo nalijua mie, Unguja huku hakuna anayefunga feni bila kutazama pepo. Dirisha likitazama mashariki ujue umepata pande zote, kusi likiingia kuanzia kama Aprili linapiga kutoka kusini mashariki, miezi ya Disemba mpaka Machi kaskazi nalo linatoka kaskazini mashariki. Feni ya panga haina ubavu keshakwambia fundi, kusi likivuma sawasawa linaingia kwenye tundu linalirudisha panga nyuma, na moshi wako wote unakurudia usoni pamoja na vumbi la nje. Ukuta wa magharibi ndio wenye raha, kama nyumba yako ina upande huo ungefikiria hapo.

Kama huna namna weka vitu viwili. Feni iwe na vile vibati vya nyuma vinavyofunguka ikiwaka na kujifunga ikizimwa, vikifunga vizuri hata mende na mijusi hawaingii. Na nje weka kofia ya bati au alumini inayotazama chini, upepo unapiga kofia haupigi panga, na mvua ya masika haikuingilii. Kofia isibane, iache nafasi ya kutosha hewa itoke. Vibati hivyo uvifute mara kwa mara maana mafuta yakishika kwenye bawaba vinanata, havifunguki tena, feni inazunguka hewa haitoki na wewe uko ndani unadhani imechoka.

Ukitaka kujua kama inavuta washa kijiti cha udi ukiweke karibu na karai, utaona moshi unaelekea wapi. Ukitembea nao mpaka kwenye mlango wa sebule utaona kila kitu, hata hewa inayoingilia usikokujua.

DadaWaUpanga

Hiyo ya udi nimejaribu sasa hivi hapa kwangu. Moshi umeenda moja kwa moja kwenye tundu la choo 🤦🏾‍♀️ ina maana feni ya chooni inaishinda ya jikoni?

FundiVoti_Ilala

@DadaWaUpanga ndio, zinashindana. Nyumba ikifungwa feni mbili zinagombania hewa ileile, yenye nguvu inavuta kupitia kwa mwenzake. Funga mlango wa choo ukipika na ufungue dirisha moja. Ghorofa za Upanga nyingi pia zina shafti (njia ya hewa ya jengo) moja ya wote, kama feni yako inatupia humo na haina vibati basi harufu ya wa chini unaila wewe. Angalia kwanza inatupia wapi.

MamaMahamri_Msa

Nimesahau panga lenyewe. Si filta tu inayoshika mafuta, panga pia, na hii feni ya mkuu ya dirishani haina filta kabisa kwahiyo mafuta yote yanaenda kwa panga na kwa mota. Kila mwezi mmoja au miwili zima stima kwenye breka, si swichi peke yake, toa kile kifuniko cha mbele, fungua panga. Ile nati ya katikati feni nyingi imegeuzwa, unafungua kwa kuzungusha kulia, kijana wangu alikazana nayo kushoto mpaka akaomba bisibisi nikamwambia tulia. Osha panga kwa maji ya moto na sabuni, na uoshe majani yote sawa, jani moja likibaki na mafuta mengi feni inatetemeka inapiga kelele na ndio inayokula bushi. Mota usiilowanishe, kitambaa kilichokamuliwa tu.

Pia iwashwe mapema, dakika tano kabla mafuta hayajapata moto, na ukimaliza iache kama robo saa. Wengi wanazima pamoja na jiko wakati karai bado linafuka.

MzeeWaKibua

Nimewaelewa. Nachukua plastiki inchi 10 ya beringi yenye vibati, alukobondi juu ya dirisha na kofia ya nje kwa ajili ya kusi, na mwenye nyumba akija nitamgusia tundu la inchi 6. Mkaa unabaki kibarazani, natafuta turubai. La mwisho kabisa, fundi alumini kaja kupima jioni hii anasema nyuma ya feni ataweka wavu wa mbu, nimkubalie?

FundiVoti_Ilala

Mkatalie. Wavu wa mbu matundu yake madogo, mafuta yanayaziba ndani ya wiki chache na kwa kuwa uko nje nyuma ya kofia hutauona, utakuja kulaumu feni. Vibati vikifunga vizuri mbu hapiti. Kama lazima awepo wavu kwa ajili ya ndege weka wa waya wenye matundu ya sentimita moja hivi, na afunge kwa skrubu sio silikoni ili uweze kuutoa kuuosha. Na mwambie swichi ya feni asiiweke juu ya jiko la gesi, aje fundi umeme aivute mpaka pembeni, waya wa athi usiachwe.

JirusheTu

Haya mimi niliyesema fungua dirisha naomba namba ya mama wa mahamri.

MamaMahamri_Msa

@JirusheTu Mombasa mbali baba, yatafika yamepoa. Njoo inboksi nikupe vipimo upike mwenyewe, na ufungue hilo dirisha.